Sista na Mama wa Bahati

Nilipokuwa najifunza uuguzi Nakuru, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, niliwekwa wodi ya wazazi, upande wa Waafrika. Msimamizi wetu alikuwa muuguzi mkuu Mzungu tuliyemwita Sista, mkali wa usafi na hodari wa kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na nilimheshimu.

Asubuhi moja aliletwa mama kutoka Bahati, nje kidogo ya mji, mchumaji wa maua ya pareto kwenye shamba la Mzungu. Alijifungua salama, ila alichanika vibaya akahitaji kushonwa. Nilileta sindano ya ganzi. Sista akaniambia niirudishe.

"Hawa hapana sikia uchungu kama sisi," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani.

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, kisha akaanza kushona. Yule mama aligeuza uso ukutani, akauma kona ya leso yake. Nilimshika mkono, naye akanibana hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Hakutoa sauti hata kidogo.

Jioni nilifika nyumbani kwa shangazi yangu kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikiwa nawaka kwa hasira. Nilimwambia kesho nitamjibu yule mwanamke mbele ya wodi nzima. Shangazi alikuwa amefua nguo za Wazungu tangu ujana wake, na aliwajua. Aliniuliza kama nilitaka kumshinda Sista au nilitaka akina mama wapate dawa.

"Ukimwaibisha mbele ya watu atapigania heshima yake," alisema. "Mtafute akiwa peke yake. Na uanze kwa kumuuliza, usianze kwa kumhukumu."

Kesho yake, saa ya chai, nilimfuata Sista kwenye chumba cha mashuka. Nilimuuliza alijuaje kwamba sisi hatusikii uchungu. Alishangaa, akasema ndivyo alivyoambiwa na waliomtangulia, na tena yeye mwenyewe ameona: hawalii.

"Kwetu mwanamke akilia wakati wa kuzaa anachekwa mpaka uzeeni," nilimwambia. "Ananyamaza, lakini anasikia. Sista, mimi ni mmoja wao. Nasikia."

Uso ulimwiva. Aliniuliza kama namwita mtu mbaya.

"La. Ningekuona mbaya ningenyamaza. Wewe ndiwe uliyenifundisha kumuuliza mgonjwa kabla ya kumgusa. Huyu hatukumuuliza."

Aliniamuru nirudi kazini. Siku ile hakunisemesha tena, na nilianza kufikiria nitamwambia nini baba nikifukuzwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kwenye kitanda cha yule mama, akaniita nitafsiri pale Kiswahili chake kitakapogoma. Alimuuliza kama alisikia uchungu aliposhonwa. Mama alinitazama mimi kwanza. Nikamwambia aseme ukweli, hakuna atakayemkasirikia.

"Nilidhani nakufa," alisema polepole. "Niliogopa kupiga kelele tu."

Sista alisimama pale akiwa ameshika chuma cha kitanda. Kisha akasema, "Pole, mama." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mgonjwa yeyote wa upande wetu mama.

Toka siku ile sindano ya ganzi haikurudishwa kabatini. Sista hakugeuka malaika; chai yake aliendelea kunywa mbali nasi, na maneno mengine yalimtoka ambayo ilibidi nimfuate tena kwenye chumba cha mashuka. Lakini alipokuja muuguzi mpya kutoka Uingereza akasema lile lile la kutosikia uchungu, Sista alimtoa nje ya wodi kwa upole, wakaongea barazani. Mimi niliwaona kupitia dirishani, Sista akinyoosha kidole kuelekea vitanda vya wagonjwa wetu.

Tulikuwa tumekatazwa kutoka hospitalini na kofia za kazi. Jioni ile nilipita langoni nikiwa nimevaa yangu, nikitaka shangazi aione, nikakata katikati ya mji hadi landhi, watu wakinitazama. Shangazi aliponiona mlangoni alinisogezea kiti, akaninyooshea kofia iliyokuwa imekaa upande.