Kiraka cha Katikati

Kitinda mimba, ambaye ni fundi wa kushona sare za shule, ndiye aliyemlisha mama yao uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, akamfumba macho kwa mkono wake. Sasa anashona blanketi la viraka kwa nguo za marehemu. Dada yake mkubwa amekaa kando, roho inamuuma. Anamtazama anavyolowesha uzi mdomoni, anavyofumba macho na kuomba kimya kabla ya kila kiraka, kisha anakilaza kwa kidole gumba kama anayemfuta mtoto machozi. Hata vidole ni vya mama! Wajukuu wakipita wanamwambia, "Mikono yako ina baraka, bibi," naye anaguna tu, pini amezibana midomoni. Dada anakagua viraka: aproni ya jikoni, kitambaa cha kichwa, sketi ya shambani. Gauni la bluu alilomnunulia mama kwa mshahara wake wa kwanza halimo. Leo uvumilivu ukamwisha.

"Gauni langu umelitupa, siyo?"

Mdogo akatema pini kiganjani. "Nilitupe, nina wazimu? Mama hakuruhusu mtu hata alifue. Alilifua mwenyewe huku akiringa, 'Hili kanipa mwanangu wa kwanza.' Nilikuonea wivu, dada, mpaka chakula hakipiti."

Akalitoa kwenye mfuko, limekunjwa vizuri, halijaguswa, akamkabidhi pamoja na mkasi.

"Katikati nimekuachia. Kata, ushone mwenyewe. Ila uombe kwanza. Mishono yako tunaijua."