Antena Nne Juu ya Bati la Mama

Mama alitaka kumsikia mdogo wake akiimba, basi. Walipotezana wakati wa kukimbia mauaji: mama akavuka kuingia Tanzania, mama mdogo akabaki, bado msichana. Tuliporudi nyumbani tukampata Gitega, mwanakwaya wa parokia ya Mushasha, lakini miguu yake haikubali safari tena, na mgongo wa mama haukuweza barabara ya kutoka kwetu Muyinga. Kwenye simu je? Wee! Walikuwa wanalia tu, huyu huku na yule kule, mpaka simu inakata.

"Akiimba halii," mama aliniambia. "Nitafutie ile misa ya redio, kwaya yao inaimba humo."

Redio ya Gitega ilifika Muyinga kwa mikwaruzo mitupu, milima imeikaba. Mimi nafundisha umeme shuleni huko Gitega, nikasema hili nitaliweza. Antena moja inaokota kidogo, nne zinaokota zaidi, mradi uziunganishe. Kila antena ina waya wake hadi kwenye kifaa kinachopima wimbi na kuligeuza kuwa tarakimu, halafu kompyuta inajumlisha. Sharti langu lilikuwa moja: nyaya zote ziwe na urefu sawa, mawimbi yafike pamoja, kama kwaya inavyopiga makofi. Nilizipima na kuzikata mwenyewe, nikamtumia kaka yangu Muyinga azifunge.

Asubuhi ya Pasaka nilikuwa nyumbani kwa mama, nikawasha. Lo! Afadhali hata redio ya zamani. Mama ameshavaa kitenge kipya, amekaa, anasubiri. Roho iliniuma. Nikapanda juu ya bati, nikaona waya wa antena ya mbali ni mrefu, wa karibu ni mfupi kabisa.

"Kaka! Umezifanya nini nyaya zangu?"

"Nimezipunguza. Zilikuwa zinazagaa bure."

Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nacheka. Sisi tumekulia kambini, bwana. Kule waya uliozidi hauachwi nje. Unafungia mlango, unaanikia nguo.

"Na vipande? Umefungia mbuzi?"

"Mbuzi gani? Viko chini ya kitanda changu, vyote."

Mungu ambariki huyo mtu na uchoyo wake wa waya! Tulivirudisha kimoja kimoja, tukaviunga, yeye akinung'unika kwamba walimu wanapenda fujo. Namshukuru na padri pia, maana siku hiyo alihubiri kwa kirefu.

Tulipowasha tena, watu walikuwa kwenye komunyo. Mikwaruzo ikaondoka, ikabaki sauti ya mwanamke mmoja, nzito, ikipanda polepole kwa Kirundi. Mimi nilimjua mama mdogo mara moja. Mama aliinamia spika, mkono mdomoni.

"Amezeeka," akasema. "Mdogo wangu amezeeka."

Nikaogopa, nikadhani nimemuumiza. Nikanyoosha mkono nizime. Akaushika.

"Acha, mwanangu. Mungu asifiwe. Walimwacha hai, akazeeka."