Barua Niliyoifunga Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa ofisi yetu ya Kisii alinirudishia barua moja mara nne. Kosa lilikuwa kichwa cha barua. "Bi. Akinyi," akasema, "mkubwa hana saa ya kusoma yote. Mwambie pale juu ni nani, wa wapi, ana shida gani." Nikajifunza: YAH, kisha jina, kijiji na jambo, kwa herufi kubwa, na mstari chini. Watu walivisifu vichwa vyangu miaka mingi, nami nikavimba.

Ilikuwa ofisi ndogo ya msaada wa sheria. Wengi waliotujia walikuwa wajane wazee walioitwa wachawi na mashemeji wenye tamaa ya shamba. Neno hilo laweza kumchomea mtu nyumba, na yeye akiwa ndani.

Nilipohamishiwa Nyamira, taipureta ilikuwa stoo tayari. Mkurugenzi akaniita. "Hizi barua pepe za wajane mtu anaweza kuzisoma njiani. Zifunge. Mimi sijui vipi, wewe ndiye wa kompyuta." Wa kompyuta, eti kwa sababu nilijua kuiwasha.

Nilihangaika wiki mbili. Katika ile programu ya barua pepe iliyokaa ndani ya kompyuta yenyewe, unatengeneza funguo mbili. Wa wazi unampa yeyote atakayekuandikia, naye anautumia kufunga barua. Wa siri hautoki kwako, nao ndio unaofungua, tena kwa nywila ndefu. Kisha mnapigiana simu na kusomeana alama za ufunguo moja moja, mhakikishe ni wa mwenyewe. Karani wa tawi la Marani alikuwa akiruka mstari, tunaanza upya. Nilichoka mpaka nikachukia simu. Lakini siku barua ilipoonekana kama herufi zilizomwagika ovyo kwa asiye na ufunguo, nilijiona mhandisi.

Wa kwanza ambaye habari zake nilizifunga hivyo alikuwa Mama Bosibori, mjane wa Kebirigo. Alinitajia waliokuwa wakimtisha, kisha akanishika mkono. "Mama, hii maneno isitoke hapa."

"Haitatoka," nikamwambia.

Nikaandika, nikafunga, nikamtumia wakili wetu aliyekuwa Marani.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba programu ile ilifunga tumbo la barua tu. Kichwa kilisafiri wazi. Na kichwa changu, kama nilivyofunzwa, kilikuwa na jina lake, kijiji chake, na kwamba anawashtaki shemeji zake. Kompyuta ya Marani ilitumiwa na ofisi nzima, na mmoja wao alikuwa ameoa katika ukoo wa shemeji hao. Kabla ya Jumapili Mama Bosibori alikimbilia kwa dada yake huko Sironga na nguo za mwilini tu. Nyumba yake ikachomwa.

Mkurugenzi alikisoma kichwa kile kwenye skrini. "Kuanzia leo, pale juu andika Salamu tu," akasema. Heri angenifokea. Niliandika Salamu mpaka nikastaafu, na miaka hiyo yote nilimkwepa yule mama kwa aibu.

Sasa mgongo unauma na macho hayataki skrini. Vijana wa ofisi wakinipigia, nawaambia programu za siku hizi huweza kufunga hata kichwa, lakini mjitumie barua ya majaribio kwanza, mwone kwa macho yenu. Wananijibu, "Sawa, mama," na sijui kama wanafanya.

Mwezi uliopita nilijikaza kisabuni, nikaenda Sironga kumweleza Mama Bosibori yote. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilitaka ajue ni mimi. Alinisikiliza akichambua mboga.

"Mimi nilijua ni Mama Kerubo," akasema mwishowe. "Jirani yangu. Ni yeye tu nilimwambia nakuja kwenu. Alikuja hapa mara tatu kunisalimia, nikamfungia mlango."

"Niende Kebirigo nimweleze?" nikauliza.

Akaweka mboga chini.

"Walishamzika," akasema. "Sikuenda."