Kumi na Nusu

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani, na siku hiyo tulialikwa kulima ntumba kwa mzee mmoja ng'ambo ya bonde. Aliyewahi kulima ntumba anajua kazi hiyo inavyovunja mgongo. Unang'oa nyasi kwa jembe, unazikusanya, unazifukia chini ya udongo mpaka linakuwa tuta la mviringo, ili zioze na kurutubisha shamba la msimu ujao. Tulikuwa wengi, kwa sababu jioni pombe ya ulezi ilikuwa inatusubiri. Ila mapumziko ya katikati yalikuwa na sharti lake. Mwenye shamba alitoa tumbaku mfukoni akatangaza, "Wanaovuta wakae. Wasiovuta wasogeze mstari."

Niliwatazama wenzangu wakikaa juu ya nyasi. Mikono yangu ilikuwa imeota malengelenge, mikono ya mtu aliyeshika kalamu muda mrefu kuliko jembe. Mzee akanisogezea msokoto wa tumbaku uliofungwa kwa gazeti. Ningeweza kurudi kwenye tuta langu. Nikakaa.

Nilikohoa, wakanicheka, nikapumzika. Kuanzia hapo nilivuta zaidi ya miaka arobaini. Nilipoajiriwa karani wa ghala la mazao hapa Sumbawanga niliacha misokoto nikahamia sigara za pakiti, nikaona nimestaarabika. Nilivuta nikipima mahindi, nikavuta nikimsubiri mke wangu ajifungue, nikavuta sebuleni wanangu wakifanya kazi za shule. Hakuna aliyenilazimisha. Baridi ya huku juu nilikuwa naisingizia tu.

Binti yangu mkubwa ameolewa Chala, anauza vitenge. Alipojifungua mtoto wa kike, mtoto alikuja na kifua dhaifu. Baadaye waliita pumu. Alimleta kwetu Izia, hapahapa Sumbawanga, kutuonyesha, amemfunga mgongoni, nami nikampokea kwa furaha zote na koti langu la kila siku. Wali haujaiva, mtoto akaanza kupumua kwa mluzi. Binti yangu alinitazama, akatazama kuta za sebule zilizokuwa na rangi ya chai, akamchukua mwanawe na kwenda kusimama nje. Hakurudi ndani. Tuliagana langoni.

"Baba, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini nyumba yako inamkaba mwanangu. Siku ikiacha kunuka moshi, nitamleta akae hata mwezi mzima."

"Nitaacha," nikamwambia.

"Umeshawahi kuacha mara ngapi, baba?"

Baada ya hapo mke wangu akawa anapanda basi kwenda Chala kumwona mjukuu, mimi nabaki na kuku. Mjukuu wangu nilimjua kupitia simu. Alijifunza kutembea kwenye simu, akaota meno kwenye simu.

Kijana wangu wa mwisho anafanya kazi Tunduma. Krismasi moja, mjukuu akiwa ameshatimiza miaka mitatu, alikuja na kitu cheusi, ukubwa wa tochi ndogo, na vichupa viwili vya maji mazito yanayonukia peremende. Akaniketisha kama mwalimu.

"Baba, mwili wako unaidai nikotini. Lakini moshi ndio unaokumaliza zaidi. Humu kuna nikotini, hakuna moshi, ni mvuke tu. Si kwamba haina madhara, na kama ungekuwa huvuti nisingekuletea. Na hivi vichupa viwekwe juu, mtoto akinywa ni sumu."

Kimoja kiliandikwa tatu, kingine kumi na nane. Akanieleza kuwa namba ni ukali wa nikotini. "Wewe unamaliza pakiti kwa siku. Anza na kumi na nane, vuta kidogo kidogo. Hii ya tatu ni ya huko mbele, ukishazoea."

Nilimsikiliza, kisha nikafanya nilivyotaka. Kilikaa kabatini mpaka Jumatano ya Majivu. Nilitoka kanisani na jivu usoni, nikaona hapa ndipo mahali pa kuanzia. Na kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, nikachagua kile cha tatu. Mimi nimelelewa kwamba kitu ukikiacha bila kuumia hujakiacha. Nilitaka Mungu aone ninavyoteseka, na ikiwezekana majirani nao waone.

Niliteseka kweli. Ile namba tatu ilikuwa kama kumpa mkulima mwenye njaa kijiko kimoja cha uji. Nilivuta asubuhi, nikavuta nikienda bandani, nikavuta nikipalilia, kinywa kikakauka kama gunia. Kufika mchana betri imekwisha, mimi bado.

"Mzee wangu," mke wangu alisema akichambua maharage, "unakinyonya hicho kitu kama ndama."

"Niache, nafunga."

"Unafunga nini, na mdomo haujafungwa tangu alfajiri?"

Haikuchukua muda nikaanza kwenda chooni na sigara moja iliyofichwa kwenye soksi. Nilijiona mjanja. Siku ya tatu ya ujanja huo nilitoka nikamkuta mke wangu amesimama na ndoo ya maji, ananusa hewa.

"Mfungo gani huu wa kufungulia chooni?"

Nilimpigia kijana wangu. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Baba, umechagua chupa ya mtu anayevuta sigara moja kwa siku, tena akishakula. Jinyime nyama, baba, nikotini usijinyime. Rudi kwenye kumi na nane."

Nikarudi. Ila kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, maana niliichukua ile kali nikaivuta kwa mwendo niliouzoea kwenye ile dhaifu. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Kabla ya misa nilisimama nyuma ya tofali za ujenzi wa ukumbi wa parokia, nikavuta kama mtu anayechochea mkaa, nikaingia kanisani nimevaa suti yangu nikaketi karibu na mbele.

Kwikwi ilianza katikati ya mahubiri. Ya kwanza niliimeza. Ya pili ilisikika mpaka kwa wanakwaya. Mate yakajaa mdomoni, paa likaanza kuzunguka taratibu, jasho likanitoka mgongoni. Nikainuka nikatoka nikishika viti, nikatapika kwenye maua ya akina mama. Nilipoinua kichwa nikasikia mama mmoja dirishani akimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Pasaka imemkuta babu wa watu ameshaianza tangu jana."

Mke wangu, ambaye pombe yake ya ulezi ndiyo iliyosomesha wanetu, alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka. Huenda ingekuwa nafuu kama kweli ningekuwa nimelewa.

Jumatatu nilinunua pakiti ya sigara. Nasema ukweli, niliinunua na nikaivuta nusu, nimekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba. Nilishajihukumu. Chupa moja hainitoshi, nyingine inanidhalilisha mbele ya altare, basi mimi ni wa sigara mpaka kaburini, na mjukuu ataendelea kuwa wa kwenye simu. Mke wangu alikuwa anapima pombe yake pale uani. Alichota kwa kibuyu, akaonja, akakunja uso, akaongeza maji, akakoroga, akaonja tena.

"Imekushinda?" nikamuuliza, ili tu niseme kitu.

"Kali. Watu watapigana kabla ya saa kumi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nimwage? Naipunguza mpaka ikae." Akanitazama na ile sigara yangu. "Kwani hivyo vichupa vyako haviingiliani?"

Mimi, karani wa ghala, niliyechanganya mahindi makavu na mabichi kwa miaka mingi ili gunia lipate unyevu unaokubalika, sikuwa nimefikiria hilo. Niliingia ndani nikampigia tena kijana kuuliza kama ni salama. Akasema, "Ni aina moja, baba, changanya tu." Nikachukua sindano ya plastiki ya kunyweshea mtoto dawa, nikapima nusu ya tatu na nusu ya kumi na nane. Nikapiga hesabu pembeni ya gazeti: kumi na nusu.

Nilivuta mara nne, polepole, nikaweka mfukoni nikaenda shambani. Hakuna kilichozunguka. Hakuna kilichonidai. Taratibu nikajifunza kuusikiliza mwili wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu ujana. Mkono ukienda mfukoni kabla chai haijaisha, nimevuta kidogo mno. Mate yakijaa na kichwa kikiwa chepesi, nimezidisha, naweka chini nakunywa maji. Asubuhi baridi inapouma, naongeza kidogo. Mchana nasahau. Hilo ndilo lililonishangaza, kusahau. Siku moja nilikunywa chai kikombe kizima, nikasoma gazeti lote la wiki iliyopita, nikanyanyuka kwenda kufungulia mbuzi, ndipo nikakumbuka kwamba sijavuta chochote. Nilisimama katikati ya uwanja nikacheka peke yangu. Mbuzi wakanitazama.

Ile nusu pakiti niliitupa kwenye shimo la choo. Tukafua mapazia, yakatoa maji meusi kama ya kuloweka masizi. Nikapaka sebule chokaa mara mbili, maana mara ya kwanza ile rangi ya chai ilipenya ikarudi. Koti langu la kila siku nililichoma. Mvuke wangu nikauwekea sheria: nje, tena mbali na mlango.

Vijana wa bodaboda pale njia panda waliniona nacho. "Shikamoo babu! Aisee, babu anavuta vepu! Babu uko poa kuliko sisi!"

"Marahaba. Ninyi hamvuti, msianze," nikawaambia. Hawakunisikia, walikuwa wanacheka.

Mtihani ulikuja mwezi wa saba, kwenye msiba wa jirani. Mwezi huo upepo wa Ufipa unaingia mpaka kwenye mifupa, na wanaume huketi kuuzunguka moto mchana kutwa. Sigara zinazunguka pamoja na kahawa. Rafiki yangu wa tangu ghalani, tuliyevuta pamoja miaka yote, alinitolea moja.

"Chukua bwana, hapa ni msibani."

"Nashukuru, nina changu."

"Hicho cha mvuke wa viazi?" Watu wakacheka. "Mzee mzima unanukia peremende. Utamzikaje mwenzako hivyo?"

"Nitamzika nikipumua," nikasema.

Walicheka zaidi, safari hii upande wangu. Lakini yeye hakuondoa mkono. Ile sigara ilikaa mbele ya uso wangu, na harufu yake ilikuwa ileile niliyoipenda maisha yote. Nilisubiri tamaa inishike shingo. Ilikuja, ikanigusa kidogo, ikapita. Nikachukua kikombe cha kahawa badala yake. Rafiki yangu akaiwasha mwenyewe, akavuta, akakohoa muda mrefu, kisha akaniinamia, sauti ya chini: "Hicho kitu unakipata wapi?"

Wiki hiyohiyo nilimpigia binti yangu. Alikuja Jumamosi, na mtoto alimwacha kwanza kwa jirani wa upande wa pili wa barabara, hakuniamini. Sikumlaumu. Aliingia sebuleni akanusa. Akaenda kwenye mapazia akayakumbatia usoni. Akafungua kabati, akatoa suti yangu ya Pasaka, akaingiza pua kwenye kwapa la koti.

"Mama, amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nimfundishe kupima," mke wangu akajibu kutoka jikoni.

Binti yangu akaliweka koti kitandani, akakaa juu ya kitanda, akalia. Nilibaki mlangoni nimeshika kofia. Kisha akafuta macho akatoka, akavuka barabara, akarudi na mtoto.

Mjukuu wangu aliniamkia kwa adabu, kama mgeni. Akanikagua. "Wewe ndiye babu wa kwenye simu?"

"Ndiye."

Akasogea, akanusa mkono wangu kama alivyomwona mama yake akifanya. "Unanukia pipi."

Alikaa mwezi mzima, kama nilivyoahidiwa. Kifua hakikupiga mluzi hata mara moja ndani ya nyumba yetu. Alilala chumba ambacho zamani kilikuwa cheusi kwa moshi wangu, akala ugali wa ulezi, akajua majina ya mbuzi wote. Ile kumi na nusu nimeshaishusha hadi saba, na sina haraka. Rafiki yangu naye ameanza na kumi na mbili, ananipigia kila jioni kulalamika, na kila jioni namwambia asifunge Kwaresima mwezi wa tisa.

Siku ya mwisho kabla hajarudi Chala, mtoto alitaka twende mlimani kuona ziwa, kwa kuwa mama yake alimwambia ukifika juu kabisa siku ya anga safi unaliona Rukwa linang'aa bondeni. Tulianza watatu, na bibi yake. Nilimbeba mtoto mgongoni hatua chache nikamshusha. Nikaketi juu ya jiwe, kifua kinapanda na kushuka. Yeye na bibi yake wakaendelea, akawa ananipungia mkono kila alipogeuka. Daktari alishaniambia kwamba kilichoharibika kwenye mapafu hakirudi, kilichobaki ndicho nitakachotumia. Nikakitumia kumpungia na mimi.

Waliliona. Walirudi, akaniambia ziwa ni jeupe na ni refu kuliko barabara. Sigara nimeiacha na mjukuu nimempata. Lakini tumbaku ilininyima miaka minne ya kwanza ya maisha yake, na imechukua pumzi ambayo ingenifikisha juu ya mlima pamoja na mjukuu wangu.