Mafundo matano ya "Ng'ambo ya Pili": nyinyi mnakisia, mimi nilikuwepo

Wakuu, mlio kwenye viti na mlio kwenye mikeka, nawasalimu wote.

Mimi ni mgeni humu. Ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, mzaliwa wa Kulesa, sasa nakaa Garsen. Shule niliishia darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, na mjukuu wangu Amina amenirekebishia herufi. Maneno ni yangu, na ni ya kweli. Uwongo ningekuwa nautaka ningenyamaza, maana nimenyamaza zaidi ya miaka hamsini na hakuna aliyenishika.

Sasa sikilizeni.

Huyu Amina ni fundi cherehani hapa mjini. Ana kibanda chake, ana wateja mpaka wa Minjila, na akikushonea dera utalivaa mpaka uzeeni. Najivuna naye na sioni haya. Ila ana ugonjwa mmoja. Anasoma katuni kwenye simu.

Inaitwa "Ng'ambo ya Pili". Kila Ijumaa mchana inatoka episodi mpya. Mchoraji hajulikani jina wala sura.

Mimi nilimcheka. Nikamwambia mwanamke mzima unaangalia picha za watoto, nguo za watu zimelala. Akanijibu, "Nyanya, wewe huangalia mbuzi wa jirani kutwa nzima, na mbuzi hata hawana hadithi."

Alikuwa na haki.

Basi nikawa naangalia naye, nikiwa nimekaa kwenye kibanda nikichambua mchele. Mwisho nikawa ndiye namkumbusha kwamba leo ni Ijumaa.

Hadithi yenyewe, kwa msioijua. Kuna mama mfugaji na mama mkulima, mto katikati yao. Mama mfugaji anavuka kwa mtumbwi analeta maziwa, anarudi na mahindi na ndizi. Mashabiki wanawaita Mama Ng'ombe na Mama Ndizi. Kila mmoja ana binti. Wa Mama Ndizi hana hata jina, anapita pita pembeni ya picha, wakamwita Kadogo.

Siku moja Mama Ng'ombe anavuka na maziwa, anakuta mlango umefungwa. Nyumba kimya. Mlangoni inaning'inia kamba nyembamba, ina ushanga mmoja wa buluu. Anaishika ile kamba, anaitazama, halafu anakaa chini na kulia.

Kwa nini amelia kwa sababu ya kamba?

Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Amina yuko kwenye grupu la mashabiki, watu elfu na zaidi. Timu Mamba wakasema Mama Ndizi ameliwa na mamba na kamba ndiyo imebaki. Timu Jini wakasema ushanga wa buluu ni wa uganga. Kuna mmoja alihesabu mawingu. Kuna mwingine akachukua skrinshoti za episodi ya kwanza, akaonyesha kwamba kamba ileile ilikuwa imefungwa kwenye chombo cha maziwa, na ilikuwa na mafundo matano. Sasa haina hata moja. Akasema mafundo matano ni watu watano watakaokufa.

Amina alikuwa Timu Mamba. Alikuwa na daftari zima la ushahidi.

Mimi nilikuwa nimeacha mchele unadondoka chini.

Wakuu, ile kamba naijua. Niliishika kwa vidole hivi vyangu. Na yule Mama Ng'ombe kwenye katuni anaburuta mguu wa kushoto kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mashabiki walidhani mchoraji hajui kuchora miguu. Yule alikuwa mama yake rafiki yangu Dahabo, mfugaji wa Kiorma, aliyeumwa na nyoka akiwa msichana.

Na Mama Ndizi ni mama yangu mzazi.

Niwarudishe nyuma kidogo, mnivumilie.

Wakati huo kiangazi kikikaza, Waorma walikuwa wakishusha ng'ombe mtoni kunywa maji. Ile njia ya ng'ombe tunaiita malka. Ya kwao ilikuwa inatazamana na shamba letu. Vumbi lilikuwa linatangulia, halafu unasikia kengele za mbao, halafu unasikia harufu. Nyinyi wa maziwa ya pakiti nitawaelezaje? Chombo chao kilisukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka kisivuje tone, kikafukizwa moshi ndani. Ukifungua kifuniko, moshi na maziwa vinakuja pamoja mpaka kooni. Mpaka leo nikipita mahali wanapochoma kuni fulani, nasimama kama niliyeitwa.

Mama yangu hakujua kusoma. Mama Dahabo hakujua kusoma. Kalenda yao ilikuwa kamba. Mama Dahabo akileta maziwa alifunga kwenye chombo kamba yenye mafundo, na ushanga wa buluu kama alama yake, na yeye alibaki na nyingine kama hiyo. Fundo moja ni siku moja. Kila alfajiri mama yangu alifungua moja, na mwenzake huko kambini akafungua moja. Kamba ikibaki tupu, siku ndiyo hiyo. Mama atakaa nyumbani na mahindi na ndizi tayari, na mtumbwi utaonekana.

Hawakupotezana hata siku moja. Saa hawana, simu hawana.

Na Dahabo ndiye alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa rika moja, miaka tisa au kumi, hakuna aliyeandika. Yeye alinifundisha kukamua, mimi nikamfundisha kuogelea. Alikuwa akija na mama yake, na siku hizo mimi sikuwa na miguu, nilikuwa na mabawa.

Kiangazi kimoja kilipokuwa kinaisha, ilikuja kamba ya mafundo matano. Ziara hiyo ingekuwa ya mwisho. Mvua ilikuwa inanukia, na mvua ikinyesha ng'ombe wanarudi bara, mbali na mto. Mama alipanga mzigo wa safari yao: mahindi, mikungu miwili ya ndizi, kunde.

Siku tano kwa mtoto ni mwaka.

Siku ya pili, mama alipokwenda kuchota maji, nilipanda kinu nikaishusha kamba mlangoni. Nikafungua fundo moja la ziada.

Mnajua kwa nini? Nilidhani fundo ndilo linaloleta watu. Nilidhani yakiisha upesi, Dahabo atakuja upesi.

Basi kamba ikaisha siku ya nne. Mama akavaa leso yake nzuri, akasimama ukingoni na ndizi zake. Akasimama asubuhi. Akasimama adhuhuri, jua linampiga kichwani. Majirani wakaanza kumcheka, Muorma wako amepata mtu wa mihogo. Alirudi jioni. Akagawa ndizi zote kwa jirani, hakubakisha hata ya kuonja.

Kesho yake akatuchukua wote tukaenda shamba la mpunga, mbali, kulima kabla ya mvua, na majirani nao walikuwa mashambani mwao.

Na mimi nilijua, wakuu. Nilikuwa na jembe mkononi na nilijua kwamba siku yenyewe ni leo. Nilifungua mdomo mara mbili. Nikamwangalia mama alivyokuwa akipiga udongo, nikaufunga.

Mvua ilinyesha. Waorma wakaondoka. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wao walishukia malka nyingine.

Mama yangu alikufa akiamini mwenzake alimdharau. Sikumwambia. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa msichana, halafu nikawa na watoto, na kila mwaka lile neno lilizidi kuwa zito. Dahabo ningeweza kumtafuta. Soko la mifugo ni hapahapa Garsen, Waorma wote wanapita. Sikuuliza hata mmoja. Mwenye kosa haulizi njia.

Haya. Turudi kwenye simu ya Amina.

Sikumwambia kitu siku hiyo. Nilisema kichwa kinauma. Ningeendelea kunyamaza mpaka kaburini, nawaambia ukweli, kama si tangazo la mchoraji.

Jumatatu aliweka picha moja. Mlango uleule, lakini umechorwa kutoka ndani. Mkono wa mwanamke unasukuma komeo, na jicho linachungulia kwenye ufa. Chini imeandikwa: "Ijumaa hii. Kwa nini Mama Ndizi alijifungia."

Grupu likawaka. Mchoyo huyo. Mnafiki. Alikunywa maziwa ya mwenzake miaka yote halafu akamfungia mlango. Mmoja akasema wanawake wa namna hiyo ndio wanaozaa watoto wachawi. Amina alikuwa ananisomea anacheka.

Nikamwambia, "Funga simu. Huyo unayemcheka ni mama wa mama yangu... hapana, ni mama yangu mimi. Ni nyanya wa mamako."

Nilikuwa nimechanganyikiwa hata ukoo wangu mwenyewe. Akanitazama. Nikamwambia yote, pale pale, cherehani katikati yetu. Mteja alikuja kuchukua suruali, akageuka akaondoka.

Amina hakunihukumu. Alisema tu, "Nyanya, zimebaki siku nne."

Mama yangu hajawahi kumfungia mtu mlango. Hata mwizi wa kuku alimpa uji kwanza. Sasa watu elfu watalala wakijua ni mchoyo, na mwenye kujua ukweli duniani ni mimi peke yangu.

Basi niliandika kwenye grupu. Haya mliyoyasoma hapo juu, kwa ufupi. Jina langu nikaweka: Hawa wa Kulesa. Nikamaliza hivi: Mama Ndizi hakujifungia. Alikuwa shambani. Aliyeharibu kamba ni mimi.

Mnadhani walilia? Walinicheka. Nyanya feki. Nyanya gani ana bando. Mmoja wa Timu Jini akasema teori yangu ina mashimo, eti nani anaweza kuhesabu siku kwa kamba. Nikamjibu kwamba mamako alihesabu miezi tisa bila hata kamba na wewe ukatoka. Admini akanipa onyo.

Jumanne mchoraji hakujibu. Jumatano asubuhi bado. Nilisali, nikachambua mchele ule ule mara tatu.

Jumatano alasiri mchoraji akamwandikia Amina pembeni. Hakusema nakuamini wala sikuamini. Aliuliza kitu kimoja: huyo anayedai kuwa ndiye Hawa, Dahabo alimfundisha kukamua ng'ombe gani?

Nikasema yule mwekundu aliyevunjika pembe, mwenye kupiga teke.

Dakika haikuisha, simu ikalia. Mchoraji ni msichana, ni mjukuu wa Dahabo. Watu walisema yuko Nairobi, wengine Uingereza. Anakaa Tarasaa, wakuu. Hapo, mwendo wa kumaliza sufuria ya chai. Alikuwa anachora alivyosimuliwa nyumbani kwao: kamba ilikuwa tupu, kwa hiyo mwenye nyumba aliijua siku, kwa hiyo aliondoka kusudi. Mwisho wa kujifungia aliutunga mwenyewe.

Halafu akasema ngoja, kuna mtu hapa anataka simu.

Nikasikia pumzi. Halafu sauti ya mzee, kavu.

"Hawa."

"Ndiye mimi."

"Nilijua ni wewe. Siku ileile nilimwambia mama, hii ni kazi ya Hawa, yule hangoji hata uji upoe. Akanizaba kofi, eti nawatetea wakulima."

Miaka yote hiyo nimeficha, na kumbe kuna mtu alijua siku ya kwanza. Akaendelea, "Lile kofi ni lako. Nimekuwekea."

Nikacheka huku nalia, mpaka Amina akaninyang'anya simu akidhani nimeshikwa na kitu.

Ijumaa Dahabo alikuja Garsen na mjukuu wake. Tulikaa kibandani, vizee viwili kwenye benchi moja. Kofi hakunipiga. Alinishika vidole akavitazama kimoja kimoja, kama mtu anayekagua mali yake iliyopotea.

Yule msichana alikuwa ameichora upya episodi nzima kwa siku moja na nusu, macho mekundu. Ikatoka baada ya swala. Kadogo juu ya kinu, ulimi nje, anafungua fundo. Mama Ndizi ukingoni na mikungu yake, picha sita mfululizo, kivuli chake kinazunguka mpaka jioni. Maneno hakuna.

Dahabo hajui kusoma, basi Amina akatusomea komenti. Kadogo ni shetani. Kadogo apigwe fimbo. Huyu mtoto akikua ataua mtu. Dahabo alikuwa anagonga benchi kwa kicheko. "Soma tena hiyo ya fimbo," anasema. Amina anasoma tena. Mimi natukanwa na dunia nzima na sikuwahi kujihisi mwepesi namna ile.

Halafu Amina akafika kwa komenti moja, ya mtu tusiyemjua, sijui wa wapi. Sauti yake ikashuka.

"Huyu mama alisimama kwenye jua siku nzima akimngoja rafiki yake. Mungu amrehemu popote alipo."

Dahabo akaacha kucheka. Akafunika uso kwa mtandio, akasema amina. Chini yake watu wengine wakaanza kuandika amina, mmoja, kumi, mpaka Amina akachoka kuhesabu.

Nilichojifunza? Nilidhani naficha aibu yangu, na kumbe nilikuwa nimekalia heshima ya mama yangu. Usipoisema wewe hadithi ya wazee wako, atakuja mtu aiseme anavyojua yeye, na si lazima awe mbaya. Kama una neno kama langu na mwenzako bado anapumua, mtafute leo. Labda anajua tayari.

Haya, uwanja ni wenu. Na wewe mtoto wa Timu Jini, nimekuona umejiunga humu. Leta teori yako, niko macho.