Hopa ya Vipande Vitatu

Siku ile, uani kwa kiwanda cha unga Korogwe, tulikuwapo watu saba: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyenisaidia kubeba bati, mfugaji mmoja wa Kimasai kutoka kwetu Handeni, aliyefuata mtamba wake, fundi bati wa Magoma, fundi bati wa Mkumbara, afisa ugavi, na fundi mitambo, ambaye ndiye aliyekuwa akiingojea hopa.

Mtamba mwenyewe hakuwapo. Alikwisha kuwa bati. Baba alipofariki, muda si mrefu baada ya mama, niliacha shule darasa la sita nikashika nyundo na tindo zake, kwa kuwa wadogo zangu hawakuacha kula. Siku hizo za soko huria bati la chuma lilipatikana dukani bila kibali, ila duka halikukopesha yatima. Mfugaji yule alikuwa akitengenezewa ndoo na baba. Alinipa mtamba niuze ninunue bati, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, aliyemtenga kwa mahari ya mwanawe. Kiwanda kikinilipa, nimrudishie mtamba, si fedha. Alisema fedha hazizai.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikauzwa, na mwenye mali mpya akampeleka afisa ugavi wake semina. Alirudi na imani moja: kwamba mchoro wa fundi una habari zote za kununulia kitu, vipimo, aina ya chuma na idadi, na kwamba mnunuzi mwenye akili huwagawia mafundi mbalimbali ili washindane. Mchoro wa hopa, yaani lile beseni la juu ya mashine ambamo mahindi humiminwa, ulikuwa na picha tatu. Akahesabu vitu vitatu. Akachukua mkasi.

Mimi nilipata picha ya juu: mraba mkubwa, ndani yake mraba mdogo, na mistari minne ikiunganisha pembe kwa pembe. Nikatengeneza nilichokiona. Bati bapa, pana kama mlango, tundu la mraba katikati, na vyuma vinne vimepigiliwa kwa ribiti, misumari ya kuunganishia bati, kuelekea pembeni. Mdogo wangu aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia vitu vya viwandani havina jina mpaka vifungwe.

Pale uani mafundi wenzangu walikuwa wameshaanza kugombana. Kila mmoja alileta bati pana juu, jembamba chini, na ukiyalaza moja juu ya jingine huoni ukingo. Wa Magoma alidai ameibiwa. Wa Mkumbara akasema hajawahi kufika Magoma, na hata angefika asingeiba kitu kibovu vile. Afisa ugavi aliwanyamazisha kwa futi. Alipima kila bati, akalilinganisha na kipande chake cha karatasi, akatia saini ya mapokezi. Hakuna lililozidi wala kupungua. Akatushika mkono sote.

Ndipo fundi mitambo alipouliza hopa iko wapi.

"Hii hapa," afisa akamwonyesha. "Vipande vitatu."

Fundi mitambo aliyatazama mabati, kisha akaviomba vile vipande vya karatasi akavipanga chini. Akatueleza kwamba kitu ni kimoja tu: hapa umekitazama kwa mbele, hapa kwa ubavu, hapa umepanda juu ukakichungulia. Afisa hakukubali. Alisema vipimo vyote viko sawa, kwa hiyo lililobaki ni suala la ufungaji. Akaagiza debe la mahindi. Basi tukasimama mafundi watatu, wa Magoma kashika bati lake, wa Mkumbara lake, mimi nimelinyanyua langu kama mtu anayejikinga mvua, na mahindi yakamiminwa. Kwenye tundu langu yalipita vizuri sana. Baada ya hapo yakaenda yalikotaka.

Mfugaji alitazama yote. Kisha akaniita.

"Kijana. Wewe umeleta mgongo, huyu ubavu, yule uso. Nani atakamua?"

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka, maana wakati huohuo fundi mitambo alikuwa akisema yale mabati mawili yanafaa, ni pande mbili za hopa, bado mbili. Wenzangu wangelipwa na kuongezewa kazi. Langu halikuwa upande wa kitu chochote duniani. Alisema labda litafaa choo cha wafanyakazi, tundu si liko tayari.

Nikamwambia afisa kwamba bati lile sirudi nalo Handeni, ila hopa ya pande nne itahitaji mtu wa kuiunganisha, na ribiti ninazo. Alinitazama, akaitazama saini yake, akakubali. Wiki iliyofuata niliiunganisha, vile vipande vya mchoro nimevibandika ukutani kwa ugali. Hopa ikashika. Tangu hapo kiwanda kilitupatia michoro mizima, unene wa bati umeandikwa pembeni, nami nikajifunza kupiga hesabu ya bati kwenye karatasi kabla ya kulinunua. Afisa alisema ndivyo semina ilivyofundisha.

Malipo yalikuwa jambo jingine. Mwenye kiwanda alisema hatoi fedha kwa bati la choo, na kazi ya kuunganisha haikuwamo kwenye bajeti. Nikalipwa pumba. Nilizipakia kwenye lori la kurudi Handeni, nikazishusha zote nyumbani kwa mfugaji. Ng'ombe wake walizipokea kwa furaha.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta."

"Marahaba. Hiki ni chakula cha mtamba, mwanangu. Mtamba mwenyewe yuko wapi?"

Nikamjibu yuko njiani. Akasema atamngoja, ila mtamba akichelewa njiani huzaa, na ndama ni wa mwenye mtamba.