Mama wa Mstari wa Nne

Watu wanadhani maharusi kuingia ukumbini ni kuingia tu, kama mbuzi wanaorudi zizini. Waulizeni wenye kazi. Mimi ni mshereheshaji, wananiita Kipaza, na sharti langu ni moja: nileteeni karatasi, kila mstari mtu na cheo chake, nami nitasoma kilichoandikwa. Sipunguzi, siongezi. Zamani niliongeza utani wangu juu ya shangazi wa bwana harusi, nusura nitolewe kwa kiatu. Nikashika adabu.

Fundi alikuwa jirani yangu wa duka, yeye na cherehani yake upande huu, mimi na spika zangu upande ule. Aliolewa na mwanamume aliyeachiwa mtoto wa miaka mitatu. Mama wa mtoto alikwenda zake, hakuaga. Fundi hakujaliwa wa kumzaa, basi akamlea yule binti: surua, shule, meno, minuno ya kubalehe. Mume alipofariki, ndugu wa mume wakataka kumchukua. Binti akagoma. "Nina mama," akawaambia. Neno hilo Fundi alinisimulia mara mia, na kila mara nilijifanya nalisikia leo.

Harusi ikafika. Karatasi ya binti ilikuwa safi: kwanza wapambe, pili wasimamizi, tatu wazazi wa bwana harusi, nne "Mama wa bibi harusi", tano maharusi wenyewe. Fundi akaisoma, akanirudishia, akaiomba tena.

"Kipaza, mstari wa nne ni mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Mdomo wangu huo. Ningejua ningeutia uzi.

Wiki mbili tulifanya mazoezi kwenye varanda ya maduka. Toka mlango wa ukumbi hadi jukwaani ni hatua thelathini na mbili, nilipima mwenyewe. Fundi ana goti bovu, wimbo ulikuwa unamwacha nyuma, nikautafuta wa polepole zaidi. Akachora mstari sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo, akawa anakwenda na kurudi.

"Nisitazame chini, eti?"

"Ukitazama chini watadhani umeangusha sindano."

Alicheka mpaka akakaa. Gauni lake la bluu alilificha nyuma ya mlango nisilione. Nililiona.

Siku nne kabla ya harusi, aliyemzaa binti akapiga simu. Miaka ishirini na mbili kimya, leo anakuja. Tuseme ukweli, hakuja kwa shari. Alilia, akasema ataingia kama mama au asije kabisa. Binti akaja dukani, macho yamevimba.

"Mama, nielewe. Nimemsubiri maisha yangu yote. Nikimkatalia atapotea tena."

"Basi niingie nyuma yake."

"Amesema mama ni mmoja."

Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Sawa, mwanangu. Damu nzito kuliko maji."

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Hayo nilitaka kuyasema, nikayameza, maana shughuli si yangu. Karatasi ikanirudia na neno moja limeongezwa kwa kalamu kwenye mstari wa nne. Sasa ulisomeka "Mama mzazi wa bibi harusi".

Mgeni hakuwa na nguo ya rangi iliyopangwa, na muda wa kushona nyingine haukuwepo. Ilikuwepo moja tu ya bluu. Fundi akaitoa nyuma ya mlango, akaifumua kiuno, akaipunguza, pini mdomoni. "Simama wima, dada," alimwambia. Kisha akampeleka varandani, akamfundisha hatua juu ya chaki ileile. "Usitazame chini." Mimi nilijitia kufunga nyaya za spika. Sikuwa na nyaya za kufunga.

Siku yenyewe nilisoma mstari wa nne kama ulivyo. Yule mama aliingia vizuri, kichwa juu, hatua thelathini na mbili, ukumbi mzima ukasimama. Fundi alibaki mlangoni na sindano yake, asije mtu akakanyaga upindo wa bibi harusi. Wimbo ulikuwa wa polepole mno kwa mtu mwenye magoti mazima, lakini hapakuwa na aliyejua.

Karatasi ya pili ilikuwa ya shukrani. Baada ya mpishi na mpiga picha, ikaandikwa "Fundi wa nguo". Kipaza sauti mkononi, watu mia tatu wamenyamaza, na neno nililolihitaji lilikuwa moja tu. Niliona aibu, na naiona mpaka leo.

"Fundi wa nguo, uko wapi?" nikasoma.

Akainua mkono pale mlangoni, pini zimemjaa kifuani. Wakampigia makofi, kiasi kilekile walichompigia mpishi. Binti naye alipiga, akitazama chini.